Taimingi belti: kilomita bado, miaka imepita. Nibadilishe sasa au nisubiri?

Msafiri_88

Wakuu, salamu. Naomba mwongozo kwa wanaozijua hizi injini.

Gari ni Subaru ya injini ya EJ20, kemu (shafti inayofungua valvu) moja kila upande, haina tabo. Ina umri wa miaka 14. Odometa inasoma kilomita 87,000 na kitabu chake kinataka taimingi belti (mkanda wa meno unaofanya krenki, shafti kuu ya injini, izungushe kemu) ibadilishwe kila kilomita 100,000. Hakuna karatasi wala stika inayoonyesha kwamba imewahi kuguswa.

Fundi alifungua kava la pembeni, akamulika kwa tochi, akasema belti haina nyufa, meno yote yapo, itafika laki moja bila wasiwasi. Ila asubuhi injini ikiwa baridi kuna mlio mwembamba mbele, sekunde kama 15 hivi, kisha unapotea.

Nataka kujua: nisubiri hizo kilomita 13,000 zilizobaki? Na nikibadilisha, ni belti peke yake au kuna vingine vya kwenda navyo pamoja? Wota pampu haivuji hata tone.

---

Soketi14

Usisubiri, mkuu. Belti ina saa mbili zinazotembea kwa pamoja, kilomita na miaka, na inayofika kwanza ndiyo inayohesabiwa. Watengenezaji wengi huweka kati ya kilomita 90,000 na 160,000, na upande wa miaka kati ya 5 na 10, kutegemea injini. Yako ina 14. Hata kama odometa inasema kweli, na kwa gari lililopita mikononi mwa watu bila kumbukumbu hilo halina uhakika, belti hiyo imeshapitwa na muda wake.

Kuhusu kumulika kwa tochi: njia hiyo ilikuwa na maana zamani, belti zilipokuwa za mpira wa kloroprini. Zile zilikauka, zikapasuka mgongoni, na ufa ulionekana. Belti za sasa nyingi ni za mpira aina ya HNBR, unaovumilia joto zaidi na unaoweza kufika mwisho wa maisha yake mgongo ukiwa bado laini. Kinachochoka kiko ndani: nyuzi za fiberi ya kioo zinazobeba mvuto wote, na mzizi wa jino pale linapoungana na mgongo. Jino hung'oka kutoka chini. Kwa hiyo belti yenye ufa ni mbovu, lakini belti isiyo na ufa haijathibitisha chochote. Halafu dirisha la kava la pembeni linakuonyesha kipande cha sentimita chache cha belti ambayo urefu wake unapita mita moja na nusu.

Sasa huo mlio, maana ndio ulionisimamisha kwenye maelezo yako. Mlio mwembamba wa asubuhi unaopotea injini ikipata joto mara nyingi ni beringi iliyokauka grisi. Inaweza kuwa aidla ya taimingi (puli inayoongoza belti), tenshena (inayoikaza belti), wota pampu, au kitu cha nje kama alteneta. Itenganishe hivi: injini ikiwa baridi kabisa, vua fen belti zote (mikanda ya nje inayozungusha alteneta, stelingi na eyisii), washa kwa nusu dakika, zima. Mlio ukiwa haupo, tatizo liko upande wa alteneta, stelingi au eyisii. Mlio ukibaki, uko ndani ya kava la taimingi. Kwenye EJ jaribio hili halina shida kwa sababu wota pampu inazungushwa na taimingi belti yenyewe. Kwenye injini ambayo pampu inazungushwa na fen belti, usipitishe hiyo nusu dakika.

Nalisisitiza hili kwa sababu kwenye EJ mara nyingi belti haikatiki kwa uchovu wake. Aidla hujam, hasa ile yenye meno iliyo karibu na wota pampu, au beringi ya tenshena hulegea, belti inahama upande, inajikata pembeni kwenye kava, kisha inaruka. Ukiweka belti mpya juu ya beringi za miaka 14, umebadilisha kitu kizuri kuliko vyote pale ndani na kuacha vibovu.

Kwa hiyo nunua seti nzima:
- belti
- tenshena ya haidroliki pamoja na puli yake
- aidla zote (kwenye EJ nyingi za kemu moja ni mbili laini na moja yenye meno, hesabu zako kabla ya kuagiza)
- wota pampu na gasketi yake
- themostati na mpira wake
- oili sili ya krenki na za kemu
- kulanti ya kutosha kujaza mfumo mzima

Wota pampu kutovuja leo hakuhusiani na uamuzi huu. Ili uifikie lazima ufungue kila kitu unachofungua kwa belti. Ikianza kuvuja baada ya kilomita 30,000, utalipia kazi ileile mara ya pili, na kulanti itakuwa imelowesha belti mpya.

---

DizeliTupu

Naunga mkono, na niongeze mambo mawili kwa wengine watakaosoma uzi huu wakiwa na magari tofauti.

Kwanza, saa za injini. Gari linalokaa kwenye foleni likiwa limewashwa, au linaloachwa linanguruma ili eyisii ifanye kazi, belti yake inazunguka muda wote huo bila odometa kusogea. Ndiyo maana vitabu vya magari huwa na jedwali la pili la matumizi magumu: vumbi, joto kali, kuvuta tela, safari fupifupi. Kama unaishi kwenye jedwali hilo, usifuate namba ya jedwali la kwanza.

Pili, dizeli. Kwenye dizeli hakuna kubahatisha hata kidogo. Mgandamizo ni mkubwa, nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo sana, na belti ikiachia wakati injini inazunguka valvu zinagongwa. Toyota za 2L, 3L na 5L zina belti inayozungusha kemu na pampu ya dizeli kwa pamoja. Belti ikichelewa jino moja tu, si valvu pekee zilizotoka kwenye wakati wake, hata dizeli inapulizwa kwa wakati usio wake. Utaona moshi, injini nzito kuwaka, nguvu imepungua, na watu watakimbilia nozeli wakati kosa liko kwenye belti.

Dizeli nyingi za Toyota zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Taa hiyo haipimi belti. Inahesabu kilomita tu na kuwaka ikifika namba iliyopangwa. Aliyebadilisha belti bila kuirudisha taa sifuri ataiona ikiwaka belti ikiwa nzima; aliyeirudisha taa bila kubadilisha belti anamwachia mnunuzi hatari kubwa. Kwenye dashibodi za zamani kuna kizibo kidogo cha mpira, unakitoa na kubonyeza kwa kitu chembamba, au kuna skrubu inayohamishwa tundu nyuma ya dashibodi. Kwenye mpya zaidi hufanywa kwa kitufe cha tripu. Ukinunua gari kama hilo, usiamini taa iliyozimika. Tafuta tarehe na kilomita zilizoandikwa, zikikosekana, badilisha.

Na kwa anayejiuliza kama lake lina belti au cheni: tazama mbele ya injini. Kava jepesi la plastiki lililofungwa kwa boliti ndogo ni dalili ya belti. Kava la chuma lililozibwa kwa silikoni, oili ikiwa ndani yake, kwa kawaida ni cheni. Toyota 1NZ-FE na 1ZZ-FE ni cheni, hazina ratiba ya kubadilisha, ila oili ikicheleweshwa cheni hulegea na kupiga kelele asubuhi. Kuna kundi la tatu, belti inayoogea ndani ya oili, kama matoleo ya mwanzo ya Ford 1.0 EcoBoost na PureTech 1.2 za Peugeot na Citroën. Hizo zinataka oili ya kiwango kilichoandikwa kitabuni, si inayofanana nayo. Oili isiyofaa, au oili iliyochanganyika na petroli, huivimbisha belti, ikamomonyoka, na makombo yake yanaziba chujio linalovuta oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Hapo injini inakufa kwa kukosa oili kabla hata belti haijakatika.

---

MamaKrenki

Soketi14 ameeleza vizuri, ila kwenye sehemu mbili nina maoni tofauti.

Oili sili: usiibadilishe kwa sababu tu umefika pale. Sili kavu iliyokaa vizuri, ambayo huna uhakika na ubora wa mbadala wake, iache. Kuitoa kwa bisibisi hukwaruza shafti au nyumba ya sili, na mkwaruzo mmoja unatosha kuleta uvujaji ambao haukuwepo. Kwa gari la miaka 14 nakubali zibadilishwe, maana mpira wake umekauka, lakini zitolewe kwa kifaa chake, mpya zipakwe oili mdomoni, zigongwe sawasawa mpaka zilingane na ukingo, zisizame zaidi. Kama kuna unyevu wowote wa oili chini ya kava, hapo hakuna mjadala: oili huvimbisha mpira wa belti na kulegeza meno. Kuosha belti iliyolowa oili hakuirudishi. Inatupwa.

Themostati: kwa EJ chukua ya kiwango cha gari lenyewe. Za kuokoteza huwa na mlango mdogo, na kwenye injini hii inayosifika kwa kuchoma gasketi za hedi, joto la kupanda na kushuka si jambo la kujaribia.

Sasa kazi yenyewe, kwa sababu belti nzuri huharibiwa siku ya kufungwa kuliko siku nyingine yoyote.

Fanya injini ikiwa baridi kabisa. Bloku na hedi za alumini hutanuka zikipata joto, umbali kati ya puli hubadilika, na mkazo utakaouweka kwenye injini ya moto hautakuwa ule ukipoa. Toa waya hasi wa betri. Toa plagi ili krenki izunguke kwa mkono bila kupambana na mgandamizo.

Alama. Kwenye EJ puli ya meno ya krenki ina mshale NA ina mstari mdogo nyuma, kwenye lile bamba la sensa. Anayepangilia kwa mshale amekosea. Mshale unaonyesha pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa. Alama ya kufungia belti ni ule mstari mdogo wa nyuma, unaoelekea juu saa sita na kutazamana na alama iliyo kwenye nyumba ya pampu ya oili. Mstari huo ukiwa pale, pistoni zote nne ziko katikati ya silinda, ndiyo maana ni salama kugusa kemu. Ukifunga kwa mshale, pistoni mbili ziko juu, na kemu ikiruka kwa spring'i za valvu unaweza kupinda valvu kwa mkono wako mwenyewe kabla injini haijawashwa.

Tenshena ya haidroliki, kama unairudisha ileile au mpya imekuja bila pini, ikandamizwe kwenye jiliwa ikiwa wima, taratibu, kwa dakika kadhaa, kisha ipigwe pini ya chuma ya mm 2. Ukiikandamiza kwa haraka au ikiwa imelala, sili ya ndani huachia na oili inatoka. Ukiiona imelowa, haifai tena.

Belti usiikunje kwa nguvu, usiigeuze ndani nje, usiining'inize kwenye msumari. Zile nyuzi za kioo zinavunjika kimyakimya, na itakatika baada ya miezi bila mtu kujua chanzo. Usiipandishe kwa kuichokonoa na bisibisi. Ikikataa kuingia, kuna puli haijakaa kwenye alama au tenshena haijarudi nyuma vya kutosha.

Nafasi ya gasketi ya wota pampu isafishwe mpaka ing'ae, bila kuchimba alumini. Gasketi yenye utepe wa mpira juu yake hufungwa kavu. Silikoni iliyozidi inaingia njia ya maji na kuziba rejeta. Boliti za pampu kwenye EJ nyingi ni Nm 12, zikazwe kwa duru mbili kwa mpangilio wa kitabu. Boliti za aidla na tenshena ni Nm 39. Tumia toki renchi. Boliti ya aidla iliyokazwa kupita kiasi hunyofoa nyuzi za bloku ya alumini; iliyokazwa kidogo hujifungua, na aidla ikitoka ndiyo mwisho wa belti. Boliti ya krenki inakazwa kwa nguvu kubwa zaidi, soma namba ya mwaka wa gari lako.

Na msikubali belti ya zamani irudishwe hata kama imetolewa kwa kazi ndogo ya sili. Imeshazoea puli zake na mkazo wake.

---

Msafiri_88

Asanteni sana. Nimefanya jaribio la kuvua fen belti: mlio upo vilevile, kwa hiyo uko ndani. Seti nzima nimeagiza.

Mambo mawili yamebaki. Nitajuaje kazi imefungwa sawa kabla sijaondoka gereji? Na hivi sasa, wakati nasubiri spea, nikiendelea kuendesha na belti ikakatika, injini hii inapona?

---

Soketi14

Nianze na la pili. Kuna injini ambazo pistoni na valvu hazifikiani hata belti ikikatika, mfano Toyota 3S-FE na 4A-FE: inazima, unafunga belti mpya, unaendelea. Kwenye injini za kugongana, valvu na pistoni hutumia nafasi ileile kwa zamu, na belti ndiyo inayogawa zamu. EJ nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ni za kundi hili. Yako ihesabu hivyo. Na kwa kuwa umeshathibitisha kuna beringi inayolia ndani ya kava, ningeliegesha gari. Mlio unaopotea injini ikipata joto ni grisi kidogo iliyobaki inayolainika. Ikiisha, mlio hautapotea tena, na baada ya hapo puli inapata moto na kujam.

Ikitokea ikakatika barabarani, utaona injini imezima ghafla, na stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, bila ule mdundo wa mgandamizo. Usirudie kupiga stata. Kila mzunguko unaongeza valvu iliyopinda. Fungua kava la belti uthibitishe. Akikuambia fundi hedi zifunguliwe, mwambie kwanza afunge belti kwenye alama, kisha apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda yenye sifuri au karibu na sifuri ina valvu isiyofunga. Zote zikiwa sawa, umeponea, na hakuna sababu ya kufungua hedi.

Sasa ukaguzi wa kazi. Simama pale kabla kava halijarudishwa. Pini ya tenshena ikishavutwa, krenki izungushwe kwa mkono, kwa soketi na mpini mrefu, kwa mwelekeo wa mishale ya saa, mizunguko miwili kamili. Miwili kwa sababu kemu inazunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili. Baada ya hapo alama tatu za puli, krenki na kemu mbili, lazima zirudi mahali pake bila kupungua hata nusu jino. Ikigoma kuzunguka katikati, simama hapohapo. Usiongeze nguvu, kuna chuma kimegusa chuma.

Hapa kuna jambo linalowatia watu hofu bure: belti ina mistari mitatu myeupe iliyochapwa, na baada ya mizunguko miwili mistari hiyo haitakuwa tena kwenye alama za puli. Ni sawa. Mistari ya belti ni ya kupangia mara ya kwanza tu. Baada ya hapo unatazama puli peke yake.

Omba pia spea za zamani, uzungushe kila aidla kwa kidole. Beringi nzima inazunguka kwa ukinzani mdogo na haina sauti. Inayozunguka muda mrefu kama pia imeishiwa grisi. Inayokwaruza ilikuwa imebakiza siku chache. Mojawapo ndiyo iliyokuwa inalia kwako.

Baada ya kuwasha, sikiliza. Mlio wa kuvuma unaopanda na mzunguko wa injini mara nyingi ni belti iliyokazwa mno. Mgongano wa kupigapiga kwenye kava ni belti iliyolegea au tenshena isiyosukuma. Injini ikitetemeka ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), ikikosa nguvu, na taa ya injini ikaja na kodi P0016, kemu na krenki hazikubaliani, kwa maana nyingine kuna jino limekosewa: fungua tena, usifute kodi na kuondoka.

---

MamaKrenki

Niongezee hewa kwenye maji, maana EJ wengi huwaka moto kupita kiasi siku ya kwanza baada ya kubadilishiwa pampu. Jaza kulanti polepole kupitia sehemu ya juu kabisa, fungua kizibo cha kutolea hewa kwenye rejeta kama kipo, hita iwekwe kwenye joto la juu. Acha injini ingurume mpaka mpira wa chini wa rejeta upate moto na feni ziwake na kuzima mara mbili. Hita ikipuliza baridi wakati gauji iko juu, kuna hewa imenaswa: zima, subiri ipoe, jaza tena. Usimalizie kwa maji ya bomba. Madini yake hutengeneza ukoko ndani ya rejeta na hula sili ya pampu uliyoifunga leo. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari, au ile nzito kwa maji yaliyokenekwa (distilled), nusu kwa nusu. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, angalia kiwango tena kwenye chupa na kwenye rejeta yenyewe.

Halafu andika kwenye stika, kwa wino usiofutika: tarehe, kilomita, belti, tenshena, aidla, pampu. Ibandike kwenye kava la belti.